Firigisi Niliyompa Dereva

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na moja, katika shule ya jioni pale Ruiru, nikishiriki dawati na mama muuza mboga na askari wa lango aliyeweza kusinzia hata mtihani ukiendelea. Nasema bila kujisifu kwamba katika historia hakuna aliyenishinda kuanzia Kahawa Wendani hadi mpaka wa Ethiopia. Mwalimu wetu alikuwa akisema majibu yangu ni marefu kuliko karatasi nzima ya maswali, na kwamba nusu ya niliyoyaandika hayajawahi kutokea popote duniani. Ile nusu nyingine, hata hivyo, alinipa alama zote.

Mwaka juzi kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kilipunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nikakaa nyumbani. Mke wangu alivumilia majuma mawili nikiwasimulia majirani historia ya kila jiwe la mtaa wetu, mpaka siku moja akaweka mwiko chini.

"Baba watoto," akasema, "mdomo huu umekataa kufungwa. Basi utafutiwe mshahara."

Ni yeye aliyesikia habari za mama mmoja Nairobi mwenye kampuni ndogo ya kutembeza watu kwa siku moja. Wanaondoka asubuhi, wanaona mahali pa kihistoria, jioni wanarudi. Alikuwa akitafuta mtu wa kuongoza safari za Thika. Nikaenda. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, na mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza neno.

"Thika unaijua?"

"Mama, Thika ndiyo inayonijua mimi."

Hakucheka. "Jumamosi kuna kundi. Nakupa hiyo safari moja. Mkirudi nitakuwa hapa mlangoni na nitawauliza wageni wenyewe. Wakikutaka, kazi ni yako. Wasipokutaka, njia ya Ruiru unaijua."

Kundi lenyewe lilikuwa chama cha akina mama kumi na wanane kutoka Kangemi, wote asili yao magharibi, kule walikotoka wazazi wangu kabla baba hajaja kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru. Niliposikia hivyo niliona kazi nimeshaipata, iliyobaki ni kuchagua kofia. Jumamosi nikawasubiri mlangoni mwa kibasi, nikapaza sauti kwa salamu ya kwetu, "Mulembe!" Wakaitikia wote kwa pamoja, "Mulembe muno!" hata njiwa wa Nairobi nzima wakaruka.

"Kumbe ni mtoto wetu!" akasema mwenyekiti wao, mama mpana mwenye kitambaa cha manjano kichwani, akiwa ameshika hotipoti kubwa kama ngoma. "Na amesoma?"

"Amesoma, mama."

"Basi tutakuita mwalimu."

Dereva alikuwa mtu mkubwa kutoka Ngoliba. Alikuwa ameiendeshea kampuni hiyo miaka mingi na kuona waongozaji kadhaa wakija na kwenda, na sidhani aliwahi kumsindikiza hata mmoja. Aliniambia "Sasa," na hiyo ikawa hotuba yake mpaka Thika.

Mimi nilizungumza kwa niaba yetu sote wawili.

Kituo cha kwanza kilikuwa ile hoteli kongwe iliyo katikati ya mito miwili, Chania upande huu na Thika upande ule, mahali wasafiri wa zamani walipokuwa wakipumzisha punda na miguu kabla ya kupanda kuelekea Nyeri. Tukasimama kwenye ukingo kutazama maporomoko. Nikakohoa kidogo, kikohozi cha msomi.

"Akina mama, Wazungu wa kwanza waliusikia mngurumo huu wakiwa bado Nairobi. Wakaikunja ramani, wakafuata sauti."

Mwenyekiti akaegemea chuma cha ukingo, akatega sikio. "Mwalimu, mbona mimi nakusikia wewe vizuri, na hujapaza sauti?"

"Leo maji yamenyamaza kidogo, mama. Yanaheshimu wageni."

Wakacheka mpaka wahudumu wakachungulia. Nyuma yangu dereva akasafisha koo. Nilidhani ni vumbi.

Mjini nikawapeleka mahali uliposimama ule mti mashuhuri wa mgumo, uliotabiriwa kwamba siku utakapoanguka, utawala wa wakoloni nao utaanguka. Wakoloni wakauzungushia chuma ili usimame, na bado ukaanguka. Hayo ni ya kweli, yanajulikana. Mimi nikaongeza tu kwamba kile chuma kilikuwa kinene kiasi kwamba mabaki yake yalijenga madaraja matatu ya reli.

Mama mmoja aliyefundisha chekechea akainua mkono kama mwanafunzi. "Si tulisoma kwamba ulipasuka vipande viwili?"

"Viwili vikubwa, mama. Vidogo vilikuwa mia nne."

"Nani alivihesabu?"

"Serikali."

"Hiyo serikali," mwenyekiti akasema, "ilikuwa na wakati."

Niliona mambo yanakwenda vizuri ajabu. Kwa hesabu yangu, kufikia saa sita nilikuwa nimeajiriwa mara mbili.

Tukashika barabara ya Garissa kwenda kwenye Maporomoko Kumi na Manne, huko chini kwenye joto, upande wa Ngoliba. Tukafika wakati wa kula. Akina mama wakatandika leso kwenye kivuli, hotipoti zikafunguliwa, na harufu ya kuku wa kienyeji ikatoka, harufu ambayo ingemfufua marehemu akauliza ugali uko wapi.

Sasa, kwetu kuku ana sheria zake. Zamani wanawake hawakumla kabisa. Siku hizi wanamla mpaka shingo, ila firigisi, ile tunayoiita imondo, bado ni ya mwanamume mwenye boma. Ndiye anayeila, na anayeila ndiye anayesema neno la mwisho nyumbani. Baba yangu alikuwa mtu mpole, lakini siku firigisi yake ilipokosekana sahanini alitembea kwa miguu kutoka kambi ya shamba mpaka Juja na kurudi, ndipo akaweza kuongea. Akina mama hawa walikuwa wamechinja kuku watano. Firigisi nne wakawaachia waume wanne walio wakali zaidi ili ruhusa ya safari isiharibike. Ya tano wakaja nayo kwa ajili ya kiongozi wa safari.

Mwenyekiti mwenyewe akaniletea sahani kwa mikono miwili. Ugali, paja, na juu ya paja, peke yake kama bendera, firigisi.

Na mimi nikafanya nini? Shule ya jioni walikuwa wametufundisha pia somo la kuhudumia wateja, na somo lilisema mhudumu hali kabla ya mgeni. Nikakumbuka somo, nikasahau baba. Nikapokea sahani, nikageuka, nikampa dereva.

"Dere, nishikie kidogo," nikasema, na kuanza kuwaeleza wageni umri wa mawe.

Dereva alikuwa na njaa tangu saa kumi na moja asubuhi. Kwao firigisi ni nyama kama nyama nyingine. Akaitazama, akaona ni ndogo ya kuanzia, akaitia mdomoni.

Akina mama kumi na wanane wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia mngurumo wa maji.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema polepole, "boma umempa nani?"

Nikageuka. Dereva alikuwa anatafuna, akitutazama mmoja mmoja. "Ni nini?" akauliza. "Ilikuwa ya mtu?"

"Ilikuwa ya mtu," mwalimu wa chekechea akamjibu. "Sasa ni yako. Tafuna, baba. Usiogope."

"Ngai!" dereva akasema. Lakini alimeza.

Tangu hapo nilikuwa kofia tu. Nikifungua mdomo, mwenyekiti ananigeuzia bega. "Mzee wa boma," anamwambia dereva, "huu mto unaitwaje?"

"Athi."

"Umesikia, mwalimu? Neno moja. Na tumeelewa."

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi, maji yamepungua, miamba imetoka nje kama meno. Akina mama wakajipanga ukingoni wakaanza kuhesabu maporomoko kwa vidole, wakagombana, wakarudia. Wakapata tisa.

"Mwalimu alituahidi kumi na manne," mwenyekiti akatangaza. "Matano yako wapi?"

Mimi nilikuwa na maelezo matatu tayari, moja likiwa na viboko. Lakini hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wamemgeukia dereva, na yeye akajifuta mikono kwenye suruali kabla ya kujibu.

"Yale mengine yanakuja Aprili."

Walicheka, wakashikana mabega, mmoja akakaa chini kabisa. Nami nikacheka, ila jicho likiwa kwenye saa. Saa kumi na moja jioni yule mwanamke mwembamba angesimama mlangoni kuwauliza wageni kama wananitaka, na wageni wangu walikuwa wameshapata kiongozi mwingine. Nilimfikiria mke wangu na ule mwiko.

Dereva, kwa kuwa sasa alikuwa ametwikwa cheo, aliendelea. Akawaonyesha mawe yanayotokeza maji yakiwa machache. Akasema mama yake alikuwa akivuka hapo asubuhi kwenda kukata mkonge ng'ambo, yeye akiwa mgongoni, na kwamba mama huyo alikuwa akimwambia asitazame chini. "Kwa hiyo mpaka leo," akasema, "sijui chini kunafanana vipi." Hakuongeza punje ya chumvi. Hakuna aliyecheka, na mwenyekiti alimpa mfupa wa pili.

Kurudi, nilikaa kiti cha mbele na mikono mapajani kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Tukapita Juja. Tukakaribia Ruiru.

"Mwalimu umezimika?" sauti ya mwenyekiti ikatoka nyuma. "Au betri ilikuwa kwenye ile firigisi?"

Nikasimama, nikashika kiti. Upande wa kushoto kulikuwa na magorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa kila roshani. "Hapo palipo na lile tangi la maji," nikasema, "palikuwa shamba la kahawa. Mama yangu alichuma hapo miaka yote niliyokuwa mtoto. Alikuwa akijaza madebe manane kwa siku."

"Manane?" akauliza mama mmoja ambaye, kumbe, naye aliwahi kuchuma. "Mwenyewe?"

Nikafikiri. "Manne."

"Mwalimu."

"Mawili," nikasema. "Akiwa mzima. Siku nyingine moja na nusu, tukimsaidia."

"Sasa hapo nimekuamini," yule mama akasema, na kibasi chote kikaligeukia lile tangi, wakalitazama mpaka likafichwa na daraja.

Tulifika Nairobi jua bado lipo. Mwenye kampuni alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Akina mama wakashuka, wakanyoosha migongo, wakakusanya hotipoti zao.

"Karibuni," akawaambia. "Niambieni ukweli. Huyu mwongozaji mmemwonaje?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Sisi hatuwezi kusema," mwenyekiti akajibu. "Kwetu anayesema neno la mwisho ni aliyekula imondo. Mzee wa boma, shuka useme."

"Mzee gani?" mwenye kampuni akauliza.

Dereva akashuka. Nafikiri hakuwa amewahi kuulizwa maoni katika kampuni hiyo tangu aanze kazi. Akanitazama mimi, akamtazama tajiri wake, akasafisha koo, na safari hii nikajua halikuwa vumbi.

"Huyu anadanganya," akasema.

Nilianza kuhesabu vituo vya kurudia nyumbani.

"Wale wengine walikuwa wanasema ukweli," akaendelea. "Wageni walikuwa wanalala kuanzia Juja. Wakienda wanalala, wakirudi wanalala. Leo nimeangalia kile kioo changu siku nzima. Hakuna aliyelala."

Akarudi kwenye kibasi kufunga madirisha. Kwa dereva yule, hotuba hiyo ilikuwa kama mahubiri ya kongamano zima.

Mwenye kampuni akawatazama akina mama. Wakatikisa vichwa kukubali, kumi na wanane, na mwalimu wa chekechea akainua mkono kabisa. Akanigeukia.

"Anaongeza chumvi kiasi gani?"

"Mama, kidogo sana, hata—"

"Mia nne," mwenyekiti akasema.

Hapo ndipo nilipomwona yule mwanamke akicheka, kicheko chembamba kama yeye. "Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu," akaniambia. "Mtakuwa wewe na huyu huyu dereva. Wewe ukisema jambo, yeye akikohoa, unapunguza."

Nikashukuru, nikashukuru tena, nikaanza hotuba fupi kuhusu mchango wa Ruiru katika historia ya dunia. Mwenyekiti akanikatiza kwa kunisukumia kifuani ile hotipoti kubwa, ambayo sasa ilikuwa na mifupa tu, pamoja na nyingine mbili na kikapu cha sahani.

"Tusindikize mpaka steji, mwalimu. Beba."

Nikatazama upande wa dereva, nikitumaini msaada wa mwanamume mwenzangu.

"Humtazami huyo," mwenyekiti akasema. "Mzee wa boma habebi vyombo."

Nikavibeba vyote, kimoja kikiwa kichwani, na nikawaeleza historia ya barabara ile mpaka walipopata gari.