Basi la Viviane Lisilo na Abiria

Mwanakombo, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa dereva wa basi mjini Brussels, na kwake Jumapili ya mapumziko ilikuwa mali. Mwaka 2013 aliitoa moja kwa Viviane, jirani yake pale mtaani Evere, msanii wa video. Hakuitoa bure. "Nakuendeshea, unanipikia. Siku hiyo sigusi sufuria."

Basi lenyewe lilikuwa la mchezo wa kompyuta: usukani wa plastiki mezani, pedali chini, na kwenye skrini mji wa madaraja, mahandaki na taa za barabarani. Watu na magari Viviane alikwisha kuyaondoa. Alitaka filamu ya mji unaofanya kazi bila kumtumikia yeyote. Kamera moja ilinasa skrini, nyingine uso wa dereva.

"Endesha tu kama kazini," alisema.

Akaendesha kama kazini. Kila kituo alisimama, akafungua milango, akawasubiri wasiokuwepo. Mkono umezoea, akili haikuulizwa. Lakini alikuwa ametoka wiki nzima ya zamu za alfajiri. Kwenye kituo cha kando ya handaki akafungua milango, usingizi ukapanda bila tiketi.

Alipozinduka, Viviane alikuwa anameremeta. "Hii ndiyo filamu yenyewe!"

"Filamu gani? Dereva kalala kwenye usukani, ukamtembeze mjini? Wenzangu wa depo wakiuona uso huu, nitaitwa Mama Usingizi mpaka nistaafu. Na abiria je, nani atapanda basi langu?"

"Bila uso haina uzito."

"Na bila nusu ya njia iliyobaki?" Mwanakombo alikwisha kushika koti. "Uso utoke, nakumalizia. Uso ubaki, tafuta dereva mwingine wa kukupa Jumapili yake. Na wali wako unaungua."

Viviane akatazama skrini, akatazama jikoni, akakubali.

Video ilionyeshwa mtaa wa Saint-Gilles, katika chumba cha giza chenye benchi moja. Mwenze, dereva mwenzake Mkongomani, mwenye mdomo mpana kuliko lango la depo, aling'ang'ania kwenda na Mwanakombo. Basi likafika handakini. Milango ikafunguka. Taa nyekundu, kijani, tena nyekundu.

"Maman," Mwenze akanong'ona, "hakuna hata muntu moja, bus iko inasimama tu, porte wazi. Chauffeur iko analala!"

"Umemwona wapi dereva?"

"Sikumuona. Lakini hii kusimama najua. Bon, kesho ku depot tutacheka!"

Mwanakombo akaegemea ukuta. Mdomo kama ule, kuubembeleza ni kuuongezea sauti. Taa zikaendelea kubadilika, na basi lilikuwa bado limesimama aliposikia mkoromo ubavuni. Mwenze alikuwa amelala, kofia mapajani, kinywa wazi kama ile milango.

Akamwacha mpaka mwisho, kisha akamgusa bega. "Papa Mwenze, mwisho wa njia. Shuka."

Mwenze akajifuta mate, akatazama huku na huku. "Maman... donc, ku depot hatusemi kitu?"

"Kwani nani kasema kitu?" Mwanakombo alikuwa anautafuta mkono wa koti. Wote wawili walikuwa na zamu ya alfajiri.