Mkono wa Baba na Pingili Iliyogeuka

Mpaka leo sijui ni nini kilichomsaidia baba. Nimeulizwa na shangazi, nimeulizwa na wateja wangu, na kila mmoja nimempa jibu tofauti, si kwa kusema uongo bali kwa kuchanganyikiwa.

Kwetu, mtoto akikutana na mzee huinamisha kichwa, na mzee humwekea kiganja utosini. Hiyo ndiyo salamu. Ukikua huachi. Mimi niko na duka la dawa za mifugo Kitengela na watoto wangu wananizidi urefu, lakini nikifika nyumbani Kajiado ninamwinamia baba kama nilivyomwinamia nikiwa na miaka minne.

Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kukataa kupanda. Siku niliyoliona hilo, kitinda mimba wa kaka yangu, msichana wa miaka minne, alikuwa amemwinamia baba aliyeketi kitini. Mkono wa baba ulifika usawa wa mshipi ukagoma. Akajaribu wa kushoto, akaurudisha haraka kwa sababu mkono huo hausalimii mtu. Mtoto alingoja, kichwa chini, halafu akainuka akaenda zake kucheza. Baada ya miezi michache watoto wote wa pale nyumbani walikuwa wameacha kumwinamia. Walimpungia mikono kwa mbali wakisema "hai", na baba alikuwa akigeuza uso kutazama mbuzi. Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza.

Hospitalini walimpiga picha, wakasema shingo imechakaa, wakampa vidonge na mazoezi ya kuvuta mkono kwa shuka. Shangazi alisema ni baridi iliyoingia begani, akamkanda kwa mafuta ya kondoo. Mteja wangu mmoja, mama mfugaji wa kuku, akaniambia kuna kijana hapo Kitengela, kairoprakta, anayerudisha mifupa ya mgongo mahali pake kwa mikono, na kwamba yeye mwenyewe alipelekwa akiwa amejikunja akarudi kwa miguu yake. Nilikuwa nimefika mahali pa kumsikiliza yeyote.

Kijana alitupokea vizuri. Alituketisha karibu na uti wa mgongo wa plastiki ulioning'inia kwenye mti wa chuma, akaanza kutueleza. Mishipa ya fahamu hutoka kichwani, hupitia katikati ya pingili, huenda kila mahali. Pingili ikikwama, habari haifiki. Kwa hiyo shida ya mzee iko shingoni, mkono unalalamika tu.

"Mimi siponyi mtu, mzee," alisema. "Mwili unajiponya wenyewe. Mimi natoa tu kile kimefunga njia."

Baba alifikiri. "Kama mwili unajiponya, wewe ni wa nini?"

Kijana alijibu kwa maneno mengi mazuri, na nilipokuwa nikiyasikia niliyaelewa. Yalipoisha sikuweza kurudia hata moja. Dukani kwangu ng'ombe akiwa na minyoo namuuzia mfugaji dawa ya minyoo, na minyoo inatoka tunaiona. Hapa kilichofungwa hakikuonekana, na mfungaji hakujulikana.

Wakati huo baba alikuwa amesimama mbele ya ule mgongo wa plastiki. Ni mtu aliyechinja na kugawa nyama tangu ujana wake, kila kipande kwa mwenye haki yake, na kiungo cha mnyama hakimpotei hata gizani. Alizishika pingili kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, kutoka juu. Alipofika pingili za katikati ya kifua akakomea hapo.

"Hii umeiweka miguu juu."

Kijana akaja, akatazama, akatazama tena. Masikio yalimwiva. Akasema mgongo ulianguka wakati wa usafi na ni yeye mwenyewe aliyeupanga upya, na tangu siku hiyo amekuwa akiutumia kuwafundishia wagonjwa.

Mimi nilishachukua mkoba. Nikamwambia baba kwa Kimaasai twende, huyu akishindwa na mifupa ya plastiki atatufanyia nini na yetu. Baba akarudi kuketi.

"Amekubali amekosea," akasema. "Huyo anaweza kunishika."

Basi kijana akaenda nyuma ya kiti na kumshika kichwa kwa mikono miwili. Nilihisi damu ikinipanda usoni. Mdogo hamshiki mzee kichwa, na mimi niliyemleta sikukumbuka kumwonya. Baba akawa mgumu kama kigogo. Sikujua nimkaripie nani, kijana, baba au mimi mwenyewe, kwa hiyo nikaeleza desturi yetu kwa sauti kali kama vile wote wawili walikuwa wamenikosea.

Kijana akatoa mikono. Akazunguka, akasimama mbele ya baba na kuinamisha kichwa. Mkono wa kulia ukapanda, ukagoma palepale mshipini. Kijana hakuinuka. Aliendelea kushuka mpaka akapiga magoti, na kiganja kikamfikia.

"Sasa shika," baba akasema.

Nilitega masikio nisikie mifupa ikialika, kama nilivyosimuliwa. Hakuna. Kijana alisema kwa umri huu shingo haivunjwivunjwi, akatumia kifaa kidogo kilicholia kama koleo la kuvisha ng'ombe hereni. Tulirudi kwake wiki nyingi. Kila mara nilitoka nikiamini, na kabla ya kufika Isinya, njiani kurudi nyumbani, nilikuwa sielewi tena ninachoamini. Nyumbani vidonge viliendelea, shuka iliendelea kuvutwa, shangazi hakuacha mafuta yake.

Mkono ulipanda, si wote. Ulifika usawa wa kifua ukatulia hapo, na kijana mwenyewe alituambia huenda ndio mwisho wake.

Jumapili moja nilifika nyumbani nikamkuta yule mtoto wa kaka mlangoni. Nikamwambia amsalimie babu. Akapunga mkono, "hai", kama alivyojifunza. Ningemlaumu vipi? Nikaenda mwenyewe mbele ya baba kitini pake, nikainama kama kawaida, na nikakumbuka kwamba kawaida haitoshi tena. Nikapiga magoti vumbini na gauni la kanisani. Kiganja kikaja, kikatua utosini kwangu kwa uzito wake wote. Nililia na sikujificha.

Kisha nikahisi kitu kikinigonga begani. Kilikuwa kichwa cha yule mtoto, ameshainama, ananisukuma nimpishe.