Mke wa Mfalme wa Ziwa

Masika yale nilipokuwa darasa la sita yalinuka viazi vilivyoanza kuota ghalani na moshi wa kuni mbichi. Kwetu Isongole ukungu ulishuka alfajiri ukakaa mpaka saa saba mchana. Ng'ombe walisikika kabla ya kuonekana, na nguo zilizoanikwa Jumatatu zilikauka Alhamisi. Ndani ya ukungu huo mama yangu mdogo, Subilaga, alishuka kwenye bodaboda na begi moja, akapiga magoti matopeni kumsalimu bibi, kisha akaingia ndani asitoke kwa siku tatu. Alikuwa ameolewa mjini Tukuyu na Lusajo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba yao ilikuwa na vigae na geti jeusi la chuma, na sisi watoto tulijivunia geti lile kana kwamba ni letu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini mtoto wa miaka kumi na miwili angelijuaje hilo?

Nililala na mama mdogo chumba kimoja. Mchana, baada ya kupalilia, aliketi juu ya gunia akaandika hadithi kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Aliandika kwa taabu, maana vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika. Nilipomuuliza alisema vilibanwa na geti. Hadithi yenyewe aliitoa kwenye masimulizi ya bibi kuhusu ziwa lililo juu mlimani, ambamo zamani lilikaa joka lililodai mabinti. Mama mdogo aliligeuza joka kuwa mfalme mrefu, mwenye sauti ya upole na macho ya dhahabu. Mfalme alimwona binti aitwaye Sekela akichota maji, akamchukua hadi kwenye jumba lake chini ya ziwa. Shingo ya Sekela ilielezwa kurasa mbili, kiuno ukurasa mzima, na machozi yake yalidondoka kama shanga. Kazi yake ilikuwa kupendeza, kulia na kungoja. Mfalme alipokasirika maji yote yalitikisika. Alipopoa alimvisha lulu. Niliamini kwamba hayo ndiyo mapenzi, nikaomba nami nikikua nipate wangu.

Kila sehemu ilipokamilika, aliichapa kwenye simu na kuituma kwenye kundi la wanawake wapenda hadithi. Mtandao ulishika pembeni mwa uzio tu, kwa hiyo tulisimama pale chini ya mwavuli mmoja, mimi nikimsomea majibu. Siku moja aliandika kwamba Sekela ameona njia kati ya miamba na ameanza kupanda kurudi kwao. Majibu yalikuja kama mvua ya mawe. "Dada usituue, amrudie mfalme wake!" "Mwanaume anayependa hivyo anaachwaje?" "Huyo binti hana shukrani." Mama mdogo alisoma yote, kisha akaniuliza, "Na wewe Atu, unaonaje?"

"Arudi," nilisema. "Mfalme analia."

Aliizima simu, tukarudi ndani. Kesho yake akaandika Sekela akigeuka njiani na kushuka tena chini ya maji, na kundi zima likashangilia.

Jumamosi iliyofuata gari lilisimama nje. Bibi alikwisha kutuonya, "Gwe Atu, mtu akiuliza, mama yako mdogo hayupo. Umesikia?" Aliyeshuka alikuwa baba mdogo Lusajo, na sukari, na kanga mbili mpya, viatu vyake safi kama vile hakukanyaga udongo wa kwetu. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuingia ghalani na kujifungia. Bibi akasema ameenda msibani Matwebe. Lusajo hakubisha. Aliketi kwenye kigoda, akatoa leso, akafuta macho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini iliyokuwa tamu masikioni mwangu, "Atu mwanangu, nimekosa nini mimi?"

Nikanyoosha kidole kuelekea ghalani. Nilidhani mlango ukifunguliwa watakimbiliana na kukumbatiana, kama kwenye daftari. Lusajo aliusukuma mlango ukafunguka, na hakuna aliyekimbia. Mama mdogo alikuwa amechuchumaa kati ya magunia, mikono kichwani. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

Alasiri ile babu aliwaketisha sebuleni pamoja na wajomba wawili. Walimsifu Lusajo kwa uvumilivu, kwa kuja mwenyewe bila kutuma mtu, wakasema hakuna nyumba isiyofuka moshi. Mama mdogo aliwasikiliza mpaka walipomaliza. Kisha akaweka mkono wake juu ya meza, vile vidole viwili vikiwa vimenyooka. "Geti halikunibana," alisema. "Alinibana nalo."

Babu, bila kuutazama ule mkono, alimwonya Lusajo asirudie, halafu akamwambia bibi afunge begi. Bibi alilifunga. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia abaki. Mimi pia sikumwambia.

Alikaa ndani ya geti lile miaka sita zaidi. Tulipomtembelea alituletea soda, akauliza habari za viazi, akatusindikiza mpaka getini na hapo akasimama. Kisha asubuhi moja alitoka mwenyewe, bila kupita kwetu, akapanda basi dogo la Mbeya. Huko anashona sare za shule hadi leo. Nilipokuwa chuoni nilimfuata kumwomba msamaha. Hakuacha kushona. "Ulikuwa mtoto, na nilikufundisha mwenyewe," alisema. "Yule mfalme nilimpaka rangi mimi, nipate kuamini kwamba hasira ile ni mapenzi." Nikamuuliza kuhusu wale wanawake waliomtaka Sekela arudi. Akakata uzi kwa meno. "Wengi wao, mwanangu, walikuwa wananiandikia kutoka kule kule ziwani."

Siku hizi nafundisha Kiswahili Tukuyu. Wanafunzi wangu husoma hadithi za namna ile wakiwa likizo: majini, wafalme wenye mabawa, wana wa miungu. Siku hizi binti hupewa upanga na farasi, jambo ambalo Sekela hakulipata, lakini nikiendelea kusoma namkuta naye amefungiwa chumbani, na aliyemfungia anaitwa mpenzi. Siwakatazi. Tunazisoma pamoja na kuuliza nani anashika ufunguo. Mwezi uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono. "Lakini mwalimu, akimtoroka huyo mfalme atakwenda wapi? Kwao si watamrudisha?"

Darasa likacheka.

"Aje kwangu," nikasema.

Msichana yule hakuwa amecheka. "Kwako ni wapi, mwalimu?"

Nikamwelekeza njia yote kuanzia sokoni, taratibu, naye akaandika.