Oili Chafu Kwenye Sanduku la Askofu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile nilipotoka gereji ya shamba la mkonge Ngombezi na kopo la oili chafu mkononi, napiga mluzi, najiona mimi ndiye kiboko ya mchwa wote wa Korogwe.

Leo unanikuta Handeni. Nina duka la vifaa vya ujenzi pale Chanika, nina malori, na wahandisi wenye vyeti vyao hunifuata niwaambie mbao ipi itadumu. Darasani sikukaa sana. Kichwa hiki kilijisomesha chenyewe. Sijisifu bure, nataka ujue tu kwamba uhodari nilikuwa nao tangu ujana, na uhodari huo huo ndio ulioniponza.

Kigangoni kwetu palikuwa na sanduku la mbao lenye karatasi za marehemu Baba Askofu. Kabla ya kuwa askofu alikuwa padri, mkuu wa kwanza wa chuo cha walimu cha misheni. Ndani yake mlikuwa na barua zake, na mahubiri aliyoyaandika kwa Kizigua. Chini kabisa, imelazwa isijikunje, ilikuwa ramani ya makaburi. Zamani watoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba waliokata mkonge, walizikwa pembeni ya shamba. Misalaba yao ya miti ililiwa na mchwa, kisha shamba likapanuliwa, mkonge ukapandwa juu yao. Lakini yule padri, kabla trekta halijafika, alikwenda na wanachuo wake, akapima kwa hatua kutoka reli ya troli, akachora kila kaburi na jina lake.

Basi kila Siku ya Marehemu, katekista wetu Mzee Anselmi aliitoa ramani ile, akatuongoza katikati ya mkonge, miiba ikituchoma mapaja. Akifika mahali anasimama, anamwambia mama wa watu, wako yuko hapa. Mama anapiga magoti.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na mwanawe wa kwanza pale, Petro, aliyekufa kwa surua. Bibi hakuwa mtu wa kuomba omba. Alitaka jambo moja: siku akifa, uchotwe udongo wa kaburi la Petro, umwagwe kwenye kaburi lake. Mimi ndiye niliyemwahidi.

Mwaka ule mambo mawili yalikutana. Shamba liling'oa mkonge mzee na kupanda mpya, alama zote tulizozoea zikapotea. Na Mzee Anselmi akalazwa hospitali mjini Korogwe. Aliniachia ufunguo. Kazi aliyonipa ni ndogo: niziweke karatasi juani kwenye nyaya za kuanikia katani, jinsi yeye alivyofanya kila kiangazi, nizipange tena na majani makavu ya mwarobaini. Nikamcheka. Nikamwambia, "Mzee, mchwa wa siku hizi wanatafuna hata mwarobaini, wanaona mboga."

Akasema, "Fanya nilivyokwambia, baba."

Sikufanya. Kwani nguzo za nyumba zetu tunazipaka nini? Oili chafu ya trekta. Mchwa haigusi. Nikalipaka sanduku nje na ndani, tabaka juu ya tabaka, mbao zikanywa mpaka zikashiba, nikarudisha karatasi siku hiyo hiyo, nikafunga. Vijana wenzangu wakanipongeza. Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Siku ya Marehemu ikafika. Mzee Anselmi, amekonda, akafungua sanduku mbele ya watu. Harufu ya gereji ikajaa kanisani. Oili ilikuwa imepanda kutoka chini, karatasi moja kwenda nyingine, mpaka zikawa tofali moja jeusi. Alipojaribu kuibandua ramani, ilimkatikia mkononi kama ganda la ndizi lililooza.

Hakunipigia kelele. Alifuta vidole kwenye kanzu yake nyeupe, akasema, "Umewaua mchwa, kweli. Na wafu wetu umewaua mara ya pili."

Tulikwenda shambani hivyo hivyo. Mistari mipya, miche midogo, kote kunafanana. Kina mama walisimama barabarani na mishumaa yao, hakuna aliyejua aende upande gani. Bibi akanishika mkono akaniuliza taratibu, Petro yuko wapi. Nilitaka kumwonyesha popote, nimdanganye apate kupumua. Nikamwambia sijui.

Aliugua masika yaliyofuata. Jioni ya mwisho nilimwambia nitachota udongo mahali pengi, huenda mmoja ukawa wenyewe. Akatikisa kichwa.

"Acha, mjukuu wangu. Nizikeni tu. Nitamtafuta mwenyewe."

Husemwa majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Juzi kigango kimenunua kabati la chuma, pesa nimetoa mimi, la kutunzia mabaki ya karatasi zile. Padri kijana akaniuliza liwekwe wapi. Nikamjibu aulizwe anayezitunza.

Kwa hiyo sikia, wewe unayejua mambo mengi ya simu na mashine. Ukikabidhiwa kitu cha watu, uliza kwanza kinalindwaje na kinawalindia nini. Dawa ya nguzo si dawa ya karatasi. Na mzee akikupa kazi ndogo, ifanye kwa udogo wake.

Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, mwanangu, na siku yako ikifika, wanaokupenda wapajue ulipolala.