Wageni wa Meza ya Gatera

Mimi nina kicheko kibaya. Kinaanza kama mtu aliyepaliwa, kisha kinapanda, na kushuka kwake ni kazi. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikicheka mtaa wa Sonatubes, wanasikia mpaka mtaa wa Gitega, upande wa pili wa mji. Nakitaja mapema kwa sababu kitarudi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, kwenye maghorofa ya Busanza, ni mzee Gatera. Mimi namwita Baba Kaliza. Alikulia Karagwe, mimi nimezaliwa Kigoma, kwa hiyo tukikutana kwenye ngazi tunaongea Kiswahili kidogo na roho zinatulia. Alikuwa dereva wa ofisi mpaka akastaafu. Kaliza, binti yake wa pekee, akaenda kusoma Kanada, kisha mkewe akafariki. Nyumba ikabaki na yeye na friji.

Mimi ni mtu wa studio, napiga picha za pasipoti na kuhariri video za harusi. Siku moja akanisimamisha.

"Mama Usumani, nifundishe kukata video kwenye simu."

Nikamwambia alete kiti nje ya mlango. Ndani kwake siingii na kwangu haingii. Mimi mjane, yeye mgane, na watu wa ngazi yetu wana midomo. Hata chakula hatujawahi kula pamoja, ingawa kila mmoja anasikia harufu ya sufuria ya mwenzake.

Nilimwanzishia pale ninapomwanzishia kila mtu. Weka nakala ya video yako pembeni, usiiguse. Kata mwanzo na mwisho, maana hapo ndipo mkono unatikisika. Punguza pembezoni kile usichotaka kionekane. Mwanga ongeza kidogo tu, ukizidisha wali unakuwa chokaa. Vidole vyake vilikuwa vizito na ubishi anao, lakini alishika.

Kilichonishangaza ni video yenyewe. Meza, sufuria ya maharage, isombe ya majani ya muhogo, na sahani tano zimepangwa.

"Una wageni?"

"Sina."

"Sasa sahani zote hizi za nani?"

 Alisogeza simu sikioni, akasikiliza. "Friji inanguruma sana," akasema. "Kaliza akiisikia atajua hapa hakuna mtu. Naiondoaje?"

Nilikasirika, nakiri. Nikamwambia mtu mzima kudanganya mtoto wake ni aibu, amwambie ukweli yaishe. Alinisubiri nimalize.

"Siku tuliyomzika mama yake, Kaliza alitaka kuacha masomo," akasema. "Aliniambia, Baba, nikisikia tu unakula peke yako, narudi. Na alisema kweli, namjua. Amebakiza mwaka mmoja. Nataka amalize."

 Mwanangu Usumani yuko Goma na biashara zake, na mimi pia akiniuliza humwambia niko na watu.

Basi nikamfundisha kuzima sauti ya video na kulaza nyingine juu yake. Nilidhani ataweka muziki. Kumbe Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, simu mfukoni ikirekodi. Tulizibua mtaro, kisha tukakaa kwenye nyasi kwa kikao kama kawaida, watu wakataniana, nikacheka. Kesho yake akanionyesha kazi yake: sahani tano, maharage, na sauti za watu tele mezani. Mpaka hapo ni nzuri kabisa. Halafu katikati ya chakula, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, Libère, akauliza kwa sauti kubwa, "Majembe iko wapi?"

"Baba Kaliza, mnakula majembe?"

Alicheka hadi akafuta macho. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo tangu msiba. Nikamkatia majembe, nikaunganisha pale palipokatika, nikafifisha mwisho. Kikabaki kicheko changu, na nyuma yake Libère akipiga chafya, maana vumbi lilimsumbua siku ile. Chafya zake huja tatu mfululizo na ya mwisho ni kama mbuzi. Nilitaka kuiondoa, akakataa. Alisema bila chafya watu wanakuwa wa redio.

Akaituma. Kaliza akajibu kwamba amefurahi sana nyumba imejaa. Tangu hapo kila Jumapili mzee alipanga sahani, akapiga video, akarudisha nne kabatini, akala.

Juzi akanigongea akiwa na furaha. "Njoo uone, Mama Usumani. Mtoto wangu na yeye ameniletea video. Ana marafiki."

Tukasimama mlangoni. Nikaona kwenye simu meza ndogo, tambi kwenye bakuli, sahani nne, dirisha lenye theluji. Picha imetulia, mwanga umewekwa vizuri. Na sauti za watu, wengi, wakizungumza mbali kidogo. Mzee alikuwa akitabasamu.

Kisha mtu akacheka. Kilianza kama aliyepaliwa, kikapanda.

 Nikaomba Mungu mzee asisikie.

"Huyo rafiki yake anacheka kama wewe," akasema.

Hapo hapo, huko Kanada, kwenye theluji, Libère akapiga chafya. Moja, mbili, na ile ya mbuzi.

Baba Kaliza akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Tabasamu lilimtoka polepole. Nilimshika mkono pale mlangoni, na anayetaka kusema aseme.

"Amechukua wageni wangu," akasema. "Hana mtu huko. Mwanangu hana mtu."

  Saa ya kula ilipofika akapakua, akaweka sahani moja mezani, akapiga video. Friji ilikuwa ikinguruma. Nikiwa mlangoni nikamwambia walau aongeze mwanga, pana giza. Akakataa, hakukata hata ule mwanzo wenye mkono unaotetemeka. Akaituma ilivyo.

Jibu lilikuja kesho yake. Akanionyesha. Sahani moja, dirisha lile lile, na huko pia friji inanguruma. Hakuna anayezungumza mpaka karibu na mwisho, Kaliza aliposema kwa sauti ya mtu aliyelia: "Nitamaliza, Baba. Lakini usinipikie watu tena. Na mimi sitakupikia."

Mzee aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaiwasha upya, akaanza kula akiitazama ile sahani nyingine. Nilimwacha, nikaenda kwangu kupakua chakula changu. Sikufunga mlango, na yeye wake hakufunga.