Skrini Ndogo Jikoni kwa Shangazi

Natembea na skrini yenye upana wa sahani ya kulia. Peke yake haifanyi kitu. Inaonyesha tu kile inacholetewa kwa waya na kompyuta yangu isiyo na kioo, kifaa kidogo kama kipande cha sabuni. Kwa vifaa hivyo viwili nacheza michezo ya zamani niliyoipenda nikiwa shuleni, na mara mojamoja nawatolea watu picha kwenye simu zilizovunjika. Sikai mahali pamoja, na televisheni ya kweli ingenidai ukuta. Rafiki zangu wa Masisi huniuliza kama hiyo ni televisheni ya panya.

Safari iliyopita nilishuka kijijini Mpofi kwa shangazi yangu, mjane. Sijanawa hata matope ya barabara, alifungua pindo la kitenge akatoa flashi. Ndani yake kulikuwa na video ya harusi moja ya Masisi, ambako mume wake alicheza. Alifariki kabla hawajapata pa kuitazama, na simu za kijijini hazikuifungua.

"Mutoto wa kaka yangu, hii kitu yako itaweza kunionesha yeye?"

"Itaweza, shangazi. Lakini betri ya kuiwasha imebakia kidogo."

Mvua haikuwa imekatika, paneli ya jua ya jirani ililala tu juu ya bati, na kesho yake asubuhi pikipiki ingenipeleka Hombo. Ilikuwa leo au basi.

Tungemaliza haraka, sisi wawili. Lakini Mpofi mtu hatazami kitu kipya na mlango umefungwa; watasema anaficha nyama. Kwa adabu, shangazi akamwarifu jirani. Jirani akamwarifu kapita, mkuu wa kijiji. Kapita akaja na pasta, na mkuu wa shule, na bwana wa protokole, aliyevaa tai shingoni na buti za mpira miguuni, ambaye kazi yake ni kuamua nani akae wapi. Akapanga viti barazani. Shangazi, mwenye marehemu, akapewa benchi la nyuma kwa kuwa hana cheo.

Niliwasha skrini, kisha nikaomba niizime hadi hotuba ziishe.

"Kaka!" alishtuka bwana wa protokole. "Unazima mashini mbele ya kapita? Iko dharau!"

Basi ikaachwa ikiwaka, buluu tupu, na waheshimiwa wakasifu usafi wa picha. Pasta aliwaombea wavumbuzi, wagonjwa na daraja letu. Mkuu wa shule alieleza televisheni ilikotoka, akamalizia na umuhimu wa wanafunzi kuja na jembe. Kapita alitukaribisha kwa maneno yaliyotafsiriwa, ingawa sote tulikuwa tumeyaelewa. Taa ya betri ikaanza kupepesa.

Shangazi akasimama. Akapita kati ya viti vya mbele akiwa ameinama kwa heshima, akaichukua skrini.

"Mama, programu haiyaisha!" akasema bwana wa protokole.

"Muendelee tu, Papa. Mimi naenda kuangalia majani ya sombe kwenye moto."

Nilimfuata na kompyuta, betri na waya, kama mbeba shela la bibi harusi. Pale mwanaume wa heshima haingii jikoni mwa mwanamke, kwa hiyo hakuna aliyetufuata. Mimi mzururaji sikuhesabiwa.

Tuliiweka skrini juu ya kinu kilichopinduliwa. Mume wake akatokea pembeni, nyuma ya wapishi, ndani ya koti pana, akicheza kwa bidii.

"Angalia!" Shangazi alijipiga paja. "Ngoma iko inaenda Masisi, miguu yake iko inaenda Hombo! Nilimuambiaka hajue kucheza, anabisha. Miaka yote anabisha!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mume akageuka, akatutazama moja kwa moja, akainua mikono. Skrini ikazima.

"Njo yeye, ni yeye kabisa," akasema shangazi, taratibu, kiganja chake juu ya kioo cheusi.

Barazani, mkuu wa shule alikuwa akitoa shukrani kwa niaba ya wote waliotazama. Makofi yakapigwa. Shangazi akafuta macho kwa kitenge, akapiga makofi pia.