Mugisho Alipokuwa Mbele Yangu

Kuna alasiri moja ya Oktoba, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hata leo nina mvi na gereji mbili. Nataja gereji mbili ili ujue anayezungumza nawe si mtu wa maneno matupu. Ya kwanza iko Hounslow, ya pili Wembley, na zote nimezijenga kwa mikono hii, mimi niliyeishia darasa la saba kule Sengerema. Nilifika London sijui kusoma ramani ya treni. Leo waliosoma wananiletea magari yao na kuniita bosi. Najua ukimaliza kunisikiliza utanijibu kwa Kiingereza, kama mnavyojibu wote mliozaliwa huku. Jibu tu, nitaelewa. Ila nisikilize kwanza.

Ujanani nilikuwa dereva wa mashindano. Usidhani ni yale ya kwenye televisheni, ya magari membamba na watu wanaomwagiana shampeni. Yetu yalikuwa magari mazito ya chuma, tukiyaunda wenyewe kwa kuchomelea, yenye bampa nene mbele na nyuma, na tulikimbizana kwenye uwanja wenye umbo la yai, nje ya mji, ukishapita Stratford unaelekea Essex. Ni kuzunguka tu: kushoto, kushoto, kushoto tena. Na kugongana kunaruhusiwa. Kazi ya lile bampa ni hiyo. Ukimkuta mwenzako mbele yako, unamsukuma kwa nyuma, anatupwa nje kwenye kona, wewe unapita kwa ndani. Hakuna atakayekuadhibu. Na kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho ndiyo iliyowaleta watu uwanjani. Pale anayefuata humpa anayeongoza bampa zima, na jukwaa lote husimama. Asiyegonga pale aliitwa mwoga mpaka msimu ujao.

Jambo la pili ulijue ni paa. Kila gari lilipakwa rangi juu ya paa kulingana na kiwango cha dereva. Mgeni anaanza na paa jeupe, akipanda anapewa la njano, halafu la bluu, na wakali wana paa jekundu. Bingwa wa msimu anapaka la dhahabu na kutembea nalo mwaka mzima, kila mtu amwone. Mimi nilikaa kwenye bluu miaka mingi. Nilikuwa mzuri, usinielewe vibaya. Hakuna fundi pale aliyenifikia, na injini yangu ilisikika mpaka kwenye foleni ya chipsi. Lakini paa jekundu nililipata kwa jasho.

Halafu akaja Mugisho.

Mugisho alikuwa Mkongo wa Bukavu, mdogo wangu kwa umri, akifanya kazi ya usafi pale uwanja wa ndege. Tulijuana kanisani. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye mashindano. Mimi nilimshikisha spana, nikamfundisha kuchomelea, na gari lake la kwanza tuliliunda kwenye uga wangu, kwa vyuma vyangu. Aliniita Mukubwa, kwa ile lafudhi yao, na nilipenda kuitwa hivyo. Alianza na paa jeupe kama kila mtu. Kabla sijazoea kumwona na la njano, ana la bluu. Kabla sijalizoea la bluu, tuko sawa, jekundu na jekundu.

Sasa sikia jinsi wivu ulivyoniingia. Yule mtangazaji wa kwenye spika, ambaye misimu yote alikuwa akilitafuna jina langu kama mfupa, jina la Mugisho alilijua mara moja. Watoto wa Kizungu pale kwenye uzio walilipaka kwenye mabango. Siku moja tunarudi nyumbani na vani, tunavuta gari nyuma, mke wangu Zawadi akasema, "Leo Mugisho kaendesha vizuri." Basi, hayo tu. Sikusema neno kutoka Stratford mpaka Hounslow.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Natazama barabara."

"Barabara hii unaijua."

Nikaanza kumchoka Mugisho kwa mambo ambayo hayakuwa makosa. Alivyokula. Alivyovaa ile jaketi yake ya rangi ya machungwa. Akicheka na watu upande wa pili wa uwanja, mimi nilijua ananicheka. Nikikaza nati kwenye gari langu, jicho liko kwenye gari lake. Na kumbuka, bado alikuwa akija kwangu Jumapili, anakula wali wa mke wangu, ananiita Mukubwa.

Mwishoni mwa kila msimu klabu yetu ilikuwa ikiwachagua madereva wenye pointi nyingi. Wale wanafutiwa pointi zote, wanaanza upya, wanapambana wenyewe kwa wenyewe wiki kadhaa, na mbio za mwisho ndizo zinazompa mtu paa la dhahabu. Msimu ule nilifika kwenye mbio za mwisho nikiongoza. Mimi, wa Sengerema. Mugisho injini ilikuwa imemfia katikati ya mchujo, kwa hiyo ubingwa ulishampita. Alibaki kushindania mbio za siku ile tu. Mtu aliyeweza kuninyang'anya alikuwa mmoja, mzee Ron, Mwingereza, fundi bomba, aliyekuwa akiendesha pale kabla mimi sijajua gari ni nini. Na Ron ili anipite ilimlazimu kushinda mbio zile. Akimaliza wa pili, hana kitu, ubingwa ni wangu.

Baba mdogo Elias alikuja siku hiyo na chupa ya chai. Huyu ndiye aliyenipokea London na kunilaza kwenye sofa lake. Aliendesha basi la ghorofa mpaka akastaafu, na hakuwa mtu wa kurudia neno. Akanimiminia chai, akaegemea gari langu.

"Leo ni rahisi," akasema. "Yeyote akishinda, hata mbuzi akishinda, wewe bingwa. Ila Ron. Umtazame Ron tu."

"Nimeelewa, Ba'mdogo."

"Sijakuuliza kama umeelewa. Nimesema umtazame Ron."

Mara akaja Mugisho, helmeti kwapani, anatabasamu. "Mukubwa, leo kombe iko ya kwako. Mi nitakaa mbele. Ron hatapita."

Mwanangu, mtu mwenye akili timamu angesema asante. Mimi nilisikia kama mtu ananitupia sadaka. Kijana niliyemfundisha mimi, leo ndiye anayenigawia ubingwa.

"Nani kakuomba?" nikamwambia.

Akacheka. "Hakuna mwenye aliniomba. Njo kazi ya ndugu." "Njo" kwao ni "ndiyo" yetu. Akavaa helmeti, akaenda.

Ba'mdogo alinitazama juu ya kikombe chake.

Manyunyu yalikuwa yakianguka tulipoingia uwanjani, lami imekuwa nyeusi na inateleza. Bendera ya kijani ikashuka. Sitakuchosha na kila mzunguko, ingawa ningeweza, maana niliendesha siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Nilipangua magari kama mtu anayepangua viti baada ya harusi. Tulipokaribia mwisho tulikuwa watatu mbele: Mugisho wa kwanza, mimi wa pili, Ron nyuma yangu. Mugisho alifanya alichokiahidi. Alishika mstari wa ndani, hakumwachia mtu nafasi hata ya kupitisha kisu. Ron alijaribu nje, akashindwa. Akanigonga kidogo kwa nyuma, nikatikisika, nikashika tena njia. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa pale pale nilipo. Kukaa tu. Mtoto mdogo angeweza.

Lakini kioo chote cha mbele yangu kilijaa paa moja jekundu la Mugisho. Na juu ya kelele za injini nilisikia spika zikiliita jina lake, na jukwaa likilijibu. Nikaanza kuona mambo ambayo hayajatokea bado. Nikamwona amenyanyuliwa mabegani. Nikamsikia Zawadi akisema kaendesha vizuri. Nikawasikia watu kanisani wakisema ubingwa yule bwana kaupata kwa sababu Mugisho alimbebea. Nikasema moyoni, hapana. Nikasahau kama kuna mtu anaitwa Ron duniani.

Kona ya mwisho ilipofika, Mugisho alipunguza mwendo kidogo ili akate ndani. Mimi sikupunguza. Nilimpa bampa zima. Gari lake likazunguka, likaenda kwenye uzio mgongo mbele. Lakini tairi langu la mbele lilinasa kwenye bampa lake, likanivuta na mimi, tukaishia tumekumbatiana kwenye nyaya, moshi wa rejeta unatufunika sote wawili. Watu wote wakasimama. Nami nakwambia, mwanangu, nilifurahi. Nilimwona Mugisho amekwama, nikapiga ngumi usukani kwa raha. Ron alitupitia pembeni taratibu, kama mzee anayekwenda dukani kununua maziwa, na sikumtazama hata kidogo.

Baba mdogo alinikuta nimeketi kwenye ngazi ya vani, bado nina ile raha.

"Umeumia?"

"Hapana. Umeona nilivyompiga?"

"Nimeona. Nani kashinda?"

Nikaanza kumweleza ile kona.

"Nakuuliza, nani kashinda?"

Nilianza kufikiri pale, na kadiri nilivyofikiri ndivyo baridi ilivyonipanda kutoka miguuni. Ba'mdogo akanisubiri mpaka akaona imenifika.

"Ndiyo, Ron," akasema. "Wewe leo hukuja kushinda. Ulikuja kuzuia yule kijana asishinde. Na umefanikiwa, kwa hiyo usinililie." Akafunga chupa yake ya chai, akaenda kumsaidia Mugisho kutoa gari.

Ron mwenyewe alipita kwangu, kombe mkononi, akanigusa bega. "Kwenye sherehe ukae meza yangu," akasema. "Bila wewe nisingekuwa na sherehe." Wenzake wakacheka sana. Nami nikacheka, ungefanya nini.

Mwisho akaja Mugisho. Nilijiandaa kwa ugomvi, na kusema kweli niliutaka, maana ugomvi ungenisaidia. Hakuuleta.

"Bampa ni bampa, Mukubwa. Siko na hasira," akasema. "Kitu kimoja tu sielewi. Ungeniacha, sisi wote tungeshinda." Akaweka helmeti chini. "Sasa lete munyororo tuvute gari."

Tukavuta magari mawili yaliyokufa. Nilimwambia samahani njiani, tukiwa kwenye foleni ya magari, tukitazama mbele wote wawili. Akasema, "Imeisha." Kwake iliisha kweli.

Usidhani nilipona siku ile. Msimu uliofuata Mugisho alichukua ubingwa, na paa lake la dhahabu nililipaka mimi, kwa sababu alinipa brashi na sikuwa na sababu ya kukataa. Nililipaka vizuri, maana sijui kufanya kazi mbovu, lakini kila nikichovya rangi roho inaniuma. Mimi sikulipata kamwe. Nilikaribia, kisha magoti, kisha watoto, kisha biashara. Leo Mugisho naye ana gereji yake, iko Stratford, ina lifti ya kuinulia magari moja zaidi kuliko zangu. Sina neno na hilo. Ila umeona kwamba ninajua idadi.

Kwa hiyo sitakuambia usione wivu. Wanaokuambia hivyo wanakudanganya, au hawajawahi kutamani kitu. Utauona. Utauona pale binamu yako akipata digrii na wewe bado unapanga maboksi dukani. Utauona pale rafiki yako akiposti picha za nyumba anayojenga Dodoma, wewe unahangaika na kodi ya chumba. Utauona hata ukiwa umefanikiwa, mimi ni shahidi. Uache ukae nyuma, kama abiria. Usiupe usukani.

Na ukiona unamtazama mtu mmoja kuliko unavyotazama unakokwenda, simama ujiulize swali moja. Huyu akipata, mimi napungukiwa nini? Ujibu kwa ukweli, siyo kwa hasira. Mimi siku ile ningejiuliza, ningekuta sipungukiwi kitu chochote. Ushindi wake ulikuwa ndio wangu, alikuwa ameubeba mbele yangu kwa mkono wake mwenyewe, na nikaupiga bampa. Watu watakuambia sheria iliruhusu. Ni kweli, iliruhusu. Hakuna aliyenishtaki. Mwanangu, mambo mengi yatakayokuharibia maisha yanaruhusiwa na sheria.

Tena chunga sana yule unayemfundisha wewe. Huyo ndiye atakayekuuma kuliko wageni, kwa sababu kila akipiga hatua unaona ni yako kaichukua. Si yako. Wewe ulimpa spana. Kuendesha kaendesha mwenyewe. Akikupita, mpigie makofi, hata kama mikono ni mizito. Mikono itazoea kabla ya moyo, na moyo utafuata nyuma.

Mungu akupe riziki yako mwenyewe, isiyo na jina la mtu mwingine juu yake. Akupe ndugu wa kukukinga hata usipomwomba, na akupe ulimi wa kumwambia asante palepale, kabla kiburi hakijaamka. Na siku mtu unayempenda atakapokuwa mbele yako, na uwanja wote unaita jina lake, Mungu auguse mguu wako uachie pedali ya mafuta. Amina.